Muhogo, Kitenge na Kiswahili: Asili ya Mambo ya Kila Siku huko Ayivu na Koboko

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha nchini Uganda hukutana mapema na hoja moja, kwamba Kiswahili si lugha ya hapa, kililetwa. Hoja hiyo hutolewa na wazazi, hutolewa na wanafunzi wasioupenda mtihani, na pengine hutolewa hata na walimu wa masomo mengine katika chumba cha walimu. Makala haya hayana nia ya kuikanusha. Kiswahili kililetwa, ni kweli. Tunachotaka ni kuuliza swali linalofuata, ambalo kwa kawaida haliulizwi: miongoni mwa vitu tunavyovitumia kila siku nyumbani na sokoni, ni kipi ambacho hakikuletwa? Ili swali hilo lisibaki hewani tumechagua mahali pamoja, yaani Ayivu na Koboko katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Tumepachagua kwa sababu ni katika sehemu za Uganda ambako Kiswahili husikika sokoni na barabarani bila mtu kushangaa, ingawa hakuna lugha ya wenyeji wa huko iliyo ya Kibantu.

Kwa wasomaji wasiolijua eneo hili, Ayivu ni jina la watu na pia la kaunti iliyouzunguka mji wa Arua. Wakazi wake wengi ni Walugbara. Arua ilipopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, Ayivu iliingia katika jiji hilo. Koboko iko kaskazini zaidi. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005, na wenyeji wake wengi ni Wakakwa. Kilugbara ni lugha ya jamii ya Kisudani ya Kati. Kikakwa ni lugha ya Kinailoti ya Mashariki, ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini. Jirani zao Waalur, walio upande wa kusini, husema lugha ya Kiluo. Magharibi ni Kongo, na mwendo wa saa chache kutoka Arua mtu huweza kufika katika nchi tatu.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba eneo lenyewe lililetwa Uganda. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ardhi ya magharibi ya Mto Nile iliyojulikana kwa jina la Lado, aitumie muda wote wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa serikali ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo ofisa wa Kiingereza, A. E. Weatherhead, akafungua makao ya utawala Arua. Sasa tulinganishe tarehe hizo na safari ya Kiswahili. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875 alimkuta akizungumza Kiswahili, na kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, akabaki huko kumsomea Kabaka Maandiko kwa lugha hiyohiyo. Yaani Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika jumba la Kabaka miaka karibu arobaini kabla Arua haijawa Uganda. Kama ugeni hupimwa kwa tarehe ya kuingia, orodha ya wageni ingeanza mahali ambapo wengi hawapatarajii.

Hata jina la Arua lina kisa chake. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba limetokana na neno la Kilugbara lenye maana ya gerezani, kwa vile wafungwa waliwekwa hapo. Hatutaki kuingia katika ubishi wa wazee juu ya maelezo hayo. Kinachotuvutia sisi wanaisimu ni neno tunalolitumia kulitafsiri. “Gereza” si neno la Kibantu, wala si la Kiarabu kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Linatokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na ndani ya ngome hiyo walikuwa na kanisa lao. Ngome za aina hiyo zilipokuwa mahali pa kufungia watu, jina la nyumba ya sala likabaki kuwa jina la nyumba ya wafungwa. Waingereza nao waliitumia Ngome ya Yesu kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Na neno la kuitia nyumba ya ibada ya Wakristo, kanisa, tulilipata kutoka Kiarabu. Kwa hiyo Waswahili walichukua neno la Wakristo wa Ulaya wakalitia pingu, kisha wakaazima kwa lugha ya Waislamu neno la kuwaitia Wakristo nyumba yao. Anayekwepa kisa hicho kwa kusema “jela” amekimbilia Kiingereza.

Tutoke gerezani twende mezani. (Nayo “meza”, bila shaka msomaji anafahamu, ni ya Wareno.) Ukimwuliza mtu wa Ayivu chakula cha kwao ni kipi, huenda atakutajia enya, yaani ugali, na siku hizi ugali huo mara nyingi ni wa unga wa muhogo, peke yake au uliochanganywa na mtama au ulezi. Muhogo huloweshwa au huvundikwa, hukaushwa juani, hutwangwa, husagwa. Kazi hiyo yote ina sababu, kwani muhogo mchungu una sumu ambayo hupungua kwa kuvundikwa na kukaushwa. Mtu akitazama ustadi wa kina mama katika kazi hii ataapa kwamba ni urithi wa mababu wa kale kabisa. Lakini muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika, kwenye upande wa mdomo wa Mto Kongo, katika karne ya 16, na kutoka hapo ukasafiri mikononi mwa wakulima wenyewe, kijiji hadi kijiji, bila bendera wala bunduki. Nafaka za asili za Walugbara zilikuwa ulezi na mtama. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao kuanzia mwaka 1949, aliandika juu ya watu wa nafaka, na muhogo aliukuta ukiwa mgeni anayezoeleka. Serikali ya kikoloni iliuhimiza uwe akiba ya njaa kwa sababu hukaa ardhini muda mrefu, na nzige akila majani hawezi kufikia kiazi chake. Njaa ikapita na akiba ikageuka kuwa chakula cha kila siku, ingawa katika pombe ya sherehe nafaka bado inashikilia kiti chake.

Hapa ndipo lugha inapotoa ushahidi kuliko kumbukumbu. Waganda huuita muhogo muwogo, neno ambalo hata mtoto anaona kuwa ni ndugu wa neno la Kiswahili. Walugbara huuita gbanda, na jina hilohilo la gbanda hutumiwa na Wazande wa Kongo na Sudan Kusini. Mmea ni mmoja, majina mawili, na majina yanatuonyesha njia mbili: mmoja uliingia Buganda ukitokea upande wa pwani ya mashariki, mwingine ukaingia West Nile ukitokea magharibi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya shahada ya kwanza angeweza kuchora ramani ya majina ya muhogo katika lugha za Uganda, na tunaamini ramani hiyo ingesomeka kama kitabu cha historia.

Kitenge nacho kina safari ndefu zaidi. Arua inajulikana kote Uganda kwa vitenge, na wafanyabiashara hutoka mbali kuja kununua nguo zinazopitia upande wa Kongo. Huko Ayivu kama kwingineko, kitenge huvaliwa harusini, kanisani, katika kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, na kwenye matanga. Huitwa vazi la Kiafrika, na kwa maana ya matumizi ni kweli. Ufundi wake, hata hivyo, ulianzia kisiwa cha Java, katika nchi inayoitwa leo Indonesia, ambako wanawake walichora nguo kwa nta kabla ya kuitia rangi ili sehemu yenye nta isishike rangi. Wadachi, waliokuwa watawala wa Java wakati huo, walijaribu kuiga kazi hiyo kwa mashine. Kiwanda cha Helmond kinachojulikana leo kwa jina la Vlisco kilianzishwa mwaka 1846. Mashine ilikuwa na kasoro moja: utomvu uliotumika badala ya nta ulipasuka, rangi ikapenya katika nyufa, na nguo ikawa na mishipa midogomidogo isiyokusudiwa. Wajava hawakuvutiwa. Watu wa pwani ya Afrika Magharibi waliipenda mishipa hiyohiyo, kwa kuwa iliifanya kila doti iwe na sura yake.

Nguo hiyo iliwafikiaje? Yapo maelezo yanayopendwa sana kwamba askari ndio walioitangulia. Kati ya mwaka 1831 na 1872 Wadachi waliandikisha watu wapatao 3,000 kutoka pwani ya Ghana ya leo kwenda kupigana katika himaya yao ya Indonesia, na inasimuliwa kuwa waliorudi walirudi na nguo za Java masandukuni. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba wafanyabiashara walifanya kazi kubwa zaidi kuliko masanduku ya askari, na sisi tunaelekea kukubaliana nao. Lakini askari wasitoke akilini mwa msomaji, maana tutawahitaji mbele. Kutoka Afrika Magharibi mtindo ulishuka hadi Kongo, ambako nguo hiyo huitwa liputa kwa Kilingala, na viwanda vya Kongo kwenyewe vikaanza kuichapa. Leo hii sehemu kubwa ya vitenge vya bei nafuu hutengenezwa Uchina. Mama wa Arua anayejifunga kitenge amejifunga ufundi wa Java, mashine ya Udachi, jicho la Afrika Magharibi na kiwanda cha Uchina, na bado ni vazi lake, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni mchoro upi unafaa matanga na upi haufai.

Mengine tuyapite haraka. Chai, ambayo huandaliwa mgeni kabla hajaulizwa shida yake, ina jina lililotoka Uchina likapitia Uajemi na Bara Hindi. “Gari” ni neno la Kihindi. Waganda walipolichukua kutoka Kiswahili, eggaali ikawa baiskeli, na treni ikawa baiskeli ya moshi! Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, katika miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na jina lake ni neno la Kiingereza la mpaka lililosemwa mara mbili. Na gomesi, vazi la heshima la kina mama ambalo kwa asili ni la Buganda lakini linaonekana katika sherehe za sehemu nyingi za Uganda, lina jina la fundi cherehani wa Kigoa, Gomes, aliyehusishwa na mavazi ya wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa turudi kwa askari. Anayekwenda soko la Arua atasikia, mbali na Kilugbara na lugha nyingine za wenyeji, lugha tatu za kuvukia mipaka: Kiswahili, Kilingala kwa sura yake ya kaskazini mashariki ya Kongo iitwayo Kibangala, na Kiarabu cha Juba pamoja na ndugu yake Kinubi. Ni rahisi kudhani kuwa lugha hizi zilizaliwa na biashara, kwa kuwa sokoni ndipo zinapoishi. Biashara ilikuwa na mkono wake. Lakini zote tatu zilifika hapa, au zilipata umbo zililo nalo hapa, kupitia kambi za jeshi.

Tuanze na Kinubi. Katika karne ya 19 serikali ya Misri ilipanua utawala wake kusini mwa Sudan, ikaandikisha na kukamata vijana wa makabila mengi, ikawaweka katika kambi zenye boma la miiba. Mdinka, Mbari, Mkakwa, Mmakaraka na wengineo walilazimika kuelewana na maofisa wao na kuelewana wao kwa wao, na Kiarabu kilichotoka humo kilikuwa Kiarabu kilichovuliwa minyambuliko yake karibu yote. Gavana wa mwisho wa jimbo hilo la Ikweta alikuwa Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, na alikuwa na kituo chake Wadelai, kando ya Nile, katika West Nile hiihii. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889. Askari wengi walibaki, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert, pamoja na wake zao, watoto na wafuasi wao, akawaleta kutumika Uganda. Hao ndio waliokuja kuitwa Wanubi, ingawa wengi wao hawakuwa na nasaba yoyote na Nubia ya Misri. Kuwa Mnubi ilikuwa ni kujiunga: mtu aliingia katika lugha, katika dini ya Kiislamu, na katika maisha ya kambini, na mjukuu wake akazaliwa Mnubi. Hatari ndogo kwa mgeni anayejua Kiswahili: Mnubi akikuomba moyo, usiogope, anataka maji ya kunywa.

Kibangala kina historia inayofanana na hiyo. Katika miaka ya 1880 na 1890, watumishi wa Leopold katika Mto Kongo walitumia lugha ya wafanyabiashara wa mtoni, iliyojengwa juu ya Kibobangi, na kituo chao cha Bangala ndicho kilichoipa jina. Jeshi la kikoloni la Kongo liliichukua, likaenda nayo kaskazini mashariki hadi Uele na mipaka ya Lado. Kilingala kikabaki lugha ya jeshi hata baada ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1960.

Na Kiswahili? Huku hakikuja na misafara ya pembe kutoka Bagamoyo. Kilikuja hasa na jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Askari wake wa kwanza upande wa Uganda walikuwa Wanubi, na Kinubi ndicho kilichotawala kambini. Lakini jeshi hilo lilikuwa na watu wa Nyasa, Kenya, Uganda na hatimaye Tanganyika, na Kiswahili kikakishinda Kinubi katika kazi. West Nile ilipokuwa Uganda, serikali iliigeuza kuwa hodhi la kuchota askari na vibarua. Vijana wa Lugbara, Kakwa na Alur walikwenda jeshini na polisi, wakapigana katika Vita vya Pili vya Dunia hadi Burma, na wengine wakaenda mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi ambako pia msimamizi alitoa amri kwa Kiswahili. Waliporudi walirudi na mishahara, blanketi, na lugha. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka kadhaa, na watoto waliokulia ukimbizini walirudi na Kibangala na Kiarabu cha Juba mdomoni. Ndiyo maana soko la Arua linasikika lilivyo.

Hapo ndipo ilipo kejeli ya historia ya lugha nchini Uganda. Kiganda ni lugha ya Kibantu. Mganda huhitaji juhudi ndogo kuona kuwa omuntu na mtu ni kitu kimoja. Mlugbara hana msaada huo hata kidogo. Hata hivyo Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alikipinga mwaka 1929 kwa waraka wenye nguvu, na viongozi wa makanisa wakawa upande huohuo. Kiswahili kikaendelea kuishi kambini na katika vituo vya polisi, na kwa miaka mingi raia wa kusini alikisikia zaidi kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Amin, askari wa zamani wa KAR, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia sana kupendwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa mwalimu wa Kampala, kazi ya kwanza ni kuwaondoa wanafunzi hofu ya sauti ya kizuizi cha barabarani. Kwa mwalimu wa Arua au Koboko kazi ni nyingine kabisa, na juu yake tungependa kukaa kidogo.

Mwanafunzi wa huku haji darasani mtupu. Anakuja akisema “kitabu yangu”, “watu ile”, “kitu mbili”, “sisi nakuja kesho”. Mwalimu aliyefundishwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho kilisanifishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, husikia hapo makosa manne na huyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Pengine huongeza kuwa ni Kiswahili kibovu cha wanajeshi. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ni sahihi kihistoria. Kiswahili cha KAR kilikuwa lugha ya watu ambao wengi wao hawakuwa na ngeli katika lugha zao, kikafundishwa na maofisa wa Kiingereza ambao nao hawakuwa na ngeli katika lugha yao, kwa haraka, ili bunduki ifunguliwe na chakula kigawiwe. Upatanisho wa kisarufi ndio uliotupwa kwanza, kwa sababu mtu huelewa “kitu mbili” bila shida yoyote. Kiambishi cha nafsi kilidondoka kwa sababu “sisi” imekwisha kusema ni nani anayekuja. Kiambishi “na” kikabaki kubeba mzigo wa wakati. Kiswahili cha mashariki ya Kongo nacho kinasema “kitabu yangu”, kwa hiyo mwanafunzi wa Koboko anasikia muundo huo kutoka pande zote za mpaka.

Sehemu ya kwanza ya kauli, kwamba ni kibovu, ndiyo tunayoikataa. Huo ni mfumo. Una kanuni zake, na wanaoutumia hawakosei ovyo. Hutamsikia mtu wa Arua akisema “yangu kitabu”. Tunajua vizuri kuwa mtihani hausahihishwi kwa kanuni hizo, na hatumshauri mwalimu yeyote awadanganye wanafunzi wake. Mwanafunzi lazima aandike “kitabu changu”. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia kijana kuwa babu yake alirudi kutoka Burma na lugha iliyoharibika, na kumwambia kuwa babu yake alirudi na lugha ya kazi, na kwamba hapa shuleni tunajifunza lugha ya maandishi iliyo dada yake. Katika hali ya kwanza tumempa sababu ya kunyamaza. Tumeona wanafunzi wanaosema Kiswahili kwa mbwembwe kituo cha mabasi, na dakika kumi baadaye, mbele ya ubao, hawana hata salamu.

Kwa upande wa mbinu, wenzetu wanaofundisha madarasa ya mwanzo wamepata faida kwa kuanzia na kile ambacho mwanafunzi anacho tayari, na hapa kitenge kinarudi. Katika mazungumzo ya Uganda, hata ya Kiingereza, wingi wa kitenge ni bitenge. Wingi huo ni wa Kiganda, na mfanyabiashara wa Arua anautumia bila kufikiri. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Kilugbara, ambaye lugha yake haina ngeli, amekwisha kushika jozi moja ya ngeli sokoni. Kutoka bitenge hadi vitenge ni konsonanti moja tu ya kubadilisha. Mwalimu huleta vitambaa viwili darasani, huuliza bei, hupunguziwa, na katika kujadiliana bei upatanisho hujitokeza wenyewe: kitenge hiki, vitenge hivi, kitenge changu, vitenge vyangu, kile kizuri, vile vizuri. Kisha vinafuata kiti, kisu, kijiko na kikapu. Kitabu huwekwa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndicho kilichozoea “yangu” kwa muda mrefu kuliko vyote. “Kitabu yangu” haiondoki katika mazungumzo ya uwanjani, wala hatuoni kwa nini iondoke. Katika insha ndiyo tunayoitazama, na kwa kawaida huanza kuadimika katika muhula wa pili.